Bushi za Springi za Land Rover Kuukuu

Ninyi mliomo darasani, kaeni mahali mnapoweza kusikia vizuri, na mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi. Ninyi mtakaosoma maneno haya baadaye katika karatasi, someni polepole. Sitakwenda mbio.

Somo letu la leo ni habari ya motokaa, tena motokaa kuukuu. Ni Land Rover. Ya kwanza ilionyeshwa watu katika mji wa Amsterdam mwezi wa Aprili, mwaka 1948. Lakini ninazozisema leo ni zile zilizotengenezwa tangu 1958 mpaka 1985. Nyingine zingali zikibeba watu na mahindi mpaka sasa. Utaijua kwa kuinama nyuma yake. Ukiona springi ya vyuma bapa, kimoja juu ya kingine, imejikunja kama upinde, basi ndiyo hiyo. Tangu mwaka 1983 kiwanda kilianza kutoa Land Rover nyingine zenye springi za kuviringika kama nyoka. Hizo hazimo katika somo hili. Springi ya kuviringika ikiachiwa vibaya huruka, nayo imekwisha kuua watu. Asiye na chombo cha kuifunga asiiguse.

Haya, tuanze na malalamiko. Mwenye gari husema, “Gari langu linagonga nyuma. Nikiondoka, ko! Nikisimama, ko! Na nikishika mwendo, nyuma inahama-hama kama mkia wa samaki.” Rafiki wa kwanza humwambia anunue springi mpya. Wa pili humwambia kosa ni shokapu. Wa tatu huilaumu barabara, maana barabara yetu ya udongo ina mikunjo kama bati. Kila mmoja anaweza kuwa na haki. Lakini mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeinama akatazama bushi, na bushi ni rahisi kuliko springi.

Bushi ni nini? Ni bomba dogo la chuma, limo ndani ya bomba kubwa kidogo. Katikati ya mabomba hayo mawili umo mpira, nao umeshikana na mabomba yote mawili. Bolti hupita katika bomba la ndani. Kila springi ya Land Rover hii ina bushi mbili, moja katika tundu la mwisho huu na moja katika tundu la mwisho ule. Tena iko ya tatu, kubwa kidogo, katika chesisi. Springi ni nne, basi bushi zote ni 12.

Mwisho mmoja wa springi umefungwa hapohapo kwenye chesisi, haukwendi mahali. Mwisho wa pili unaning'inia katika vyuma viwili vifupi ambavyo mafundi huviita shakeli. Kwa nini uning'inie? Kwa sababu springi ikilemewa hunyooka, na ikinyooka huwa ndefu. Ni lazima ipate nafasi ya kusogea. Shakeli ndiyo inayompa springi nafasi hiyo, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kama bembea. Kwa springi za nyuma, shakeli iko nyuma.

Sasa nataka mfanye jambo moja. Kila mtu anyooshe kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kishikeni kidole hicho kwa mkono wa kulia, mkikaze. Sasa zungusheni mkono wa kulia kidogo tu, bila kukiachia. Mnaona? Mkono hauteleze. Ngozi ndiyo inayovutika. Mkirudisha mkono, ngozi nayo inarudi mahali pake.

Hiyo ndiyo bushi. Mfupa wa kidole ni bomba la ndani. Mkono ni bomba la nje. Ngozi ni mpira. Watu wengi hudhani bolti huzunguka ndani ya bushi kama ekseli ya mkokoteni inavyozunguka, basi huitia grisi. Sivyo. Ikikazwa sawasawa, hakuna kinachoteleza. Mpira peke yake hujisokota na kujisokotoa, kila shimo, kila jiwe, mchana kutwa. Wala mpira haupendi grisi wala mafuta. Ukilowa mafuta huvimba, ukawa laini, ukaoza. Kikumbukeni kidole hicho, maana tutakirudia mwisho wa kazi. Ndicho kinachowatofautisha wanaobadili bushi mara moja na wanaozibadili kila mwaka.

Utajuaje kama bushi imekwisha? Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, inama na taa. Tazama pande zote mbili za kila bushi. Mpira uliotoka nje kama ulimi, au uliopasuka, au ule usiokuwapo kabisa, huo umekwisha. Bolti ikiwa haiko katikati ya tundu, imekwisha. Ukiona vumbi jekundu la kutu limemwagika mahali hapo, jua kwamba chuma kinasaga chuma. Chukua mtaimbo, uingize kati ya springi na chesisi, usukume kidogo. Bushi nzima itakubali kidogo sana na kurudi. Iliyokwisha itacheza, nawe utasikia ule mgongano wa “ko”.

Ukiwa chini hapo tazama na springi yenyewe, chuma kimoja kimoja. Nyufa hupenda kukaa karibu na katikati, na karibu na tundu. Springi iliyokatika haichomelewi. Chuma chake ni cha namna ya pekee, na moto wa kuchomelea hukifanya kiwe kama kigae. Itakatika tena, pengine ukiwa mlimani na watu nyuma.

Na shokapu? Watu hulisukuma gari kwa mikono juu na chini, wakatazama kama linaendelea kucheza. Kwa gari dogo la springi za kuviringika, jaribio hilo husaidia. Kwa Land Rover kuukuu hudanganya, kwa sababu vile vyuma bapa vimeshika kutu na vinasuguana, navyo huzuia gari lisicheze hata kama shokapu imekufa. Heri utazame kama shokapu imelowa mafuta, na kama mipira ya ncha zake ni mizima.

Sasa, ndugu zangu, kabla ya kugusa spana, nasema habari ya maisha ya mtu. Tafadhali mwalimu, waambie walioko mlangoni waingie ndani wasikie.

Katika magari mengi madogo, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma yenyewe. Katika Land Rover hizi sivyo. Breki yake ya mkono iko nyuma ya giaboksi, nayo hushika shafti inayokwenda nyuma. Kati ya shafti na magurudumu iko difu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili yasizunguke sawasawa. Basi fikirini. Umevuta breki ya mkono mpaka mwisho. Shafti imesimama kimya. Unainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Lile lililo hewani sasa liko huru kuzunguka upande mmoja, na lile lililo chini laweza kuzunguka upande wa pili, na shafti isisogee hata kidogo. Gari linatembea! Breki imeshika barabara, na gari linatoka juu ya jeki. Kuliacha gari katika gia ni hivyo hivyo, maana gia nayo hushika shafti ileile.

Kwa hiyo gari lisimame mahali tambarare, pagumu, si mchangani wala penye mteremko. Kila gurudumu la mbele liwekewe kabari nne nzuri, mbili mbele na mbili nyuma, zigongwe kwa nyundo mpaka zibane. Gogo lililopasuliwa pembe tatu linafaa. Kijiwe cha njiani hakifai.

Na jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Mtu asiingize kichwa wala kifua chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota nati. Wekeni stendi mbili za chuma chini ya chesisi, mbele kidogo ya mahali springi za nyuma zinapoanzia. Asiye na stendi atumie vipande vizito vya mti mgumu, vilivyopangwa kwa kukingamana, viwili hivi na viwili vile. Tofali la saruji lisitumike. Mti ukielemewa hulia kabla ya kuvunjika. Tofali halikupi habari; husimama, husimama, halafu linakuwa unga. Mkitoa gurudumu, lilazeni nalo chini ya chesisi. Stendi ikianguka, gari litaangukia gurudumu.

Jirani awepo. Mtoto asiwepo.

Haya, kazi. Anza jana yake, yaani siku moja kabla. Sugua nati zote kwa brashi ya waya, uzimwagie dizeli kidogo, uziache zilale. Jioni hiyo andika katika daftari vitu utakavyofungua na hesabu yake. Tena chukua chaki uandike juu ya kila springi KUSHOTO au KULIA. Kushoto na kulia hupimwa kwa dereva aliyekaa kitini akitazama mbele, si kwa wewe uliyesimama nyuma ya gari. Katika Land Rover hizi, springi ya upande wa dereva na ya upande wa pili mara nyingi si sawa, na ukizibadilisha gari litainama upande mmoja. Ukienda dukani utaona herufi katika karatasi za vipuri. LH ni mkono wa kushoto, na RH ni mkono wa kulia. Anayejua kusoma herufi hizo nne hataambiwa na mwenye duka, “Chukua tu, zote ni moja.”

Fanya upande mmoja kwanza, uumalize, ndipo uende upande wa pili. Ule upande usiofunguliwa ndio unaoishika ekseli mahali pake. Mtu akifungua pande zote mbili pamoja, ekseli huzunguka na kutoka mahali, naye atapoteza siku nzima akipambana nayo.

Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Liinue, liweke juu ya stendi, toa gurudumu. Jeki ibaki chini ya ekseli, ikiishikilia kidogo tu, ili uweze kuipandisha na kuishusha upendavyo. Angalia bomba la mpira la breki linalokwenda kwenye ekseli. Lisivutike. Fungua ncha ya chini ya shokapu. Kisha fungua yuboti, zile bolti zenye umbo la herufi U, ambazo zinaishika springi kwenye ekseli. Sasa springi imeachana na ekseli, na imebaki katika bolti za ncha zake.

Na hapa ndipo jasho linapotoka. Bolti iliyokaa miaka 20 ndani ya bomba la bushi huwa kitu kimoja nalo kwa kutu. Utafungua nati, utageuza bolti, nayo itazunguka na mpira wote bila kutoka. Usiipige kichwa kwa nyundo mpaka ikawa kama uyoga. Chukua msumeno wa chuma, uikate katikati ya springi na bamba la shakeli, kila upande. Inachukua muda, lakini inakwisha. Bolti mpya ni bei ndogo, wala iliyotoka kwa vita haistahili kurudishwa. Katika shakeli, bamba moja lina tundu lenye nyuzi na la pili lina tundu laini. Bolti hujifunga kwanza katika bamba lenye nyuzi, halafu nati yake huja kuilinda. Kumbuka jambo hilo unapofungua: nati kwanza, kisha bolti.

Springi ni nzito. Itoeni watu wawili.

Bushi ya chesisi ndiyo yenye ukaidi kuliko zote. Wengine huichoma moto mpaka mpira ukaungua. Mimi siipendi njia hiyo. Moshi wa mpira ni sumu, na katika Land Rover nyingine tangi la petroli liko nyuma, karibu na hapo. Afadhali uutoboe mpira kwa drili pande zote, ulisukume nje bomba la ndani. Litabaki bomba la nje, jembamba, limeshikana na chesisi. Ingiza bledi ya msumeno, ulikate kwa ndani, polepole, mpaka uone mstari wa kutu. Mstari huo ni mpaka kati ya bomba na chesisi. Simama hapo! Usiikate chesisi. Bomba likikatwa hivyo hulegea, nawe utalikunja ndani kwa tindo na kulitoa.

Safisha tundu kwa msasa mpaka ling'ae. Bushi mpya usiigonge kwa nyundo. Ivute. Chukua bolti ndefu, nati, washa nene, na kipande cha bomba. Upande mmoja weka bushi, upande wa pili weka lile bomba la kupokea. Kaza nati, na bushi itaingia yenyewe kidogo kidogo. Washa iliyo upande wa bushi iguse ukingo wa bomba la nje tu. Ikisukuma bomba la ndani, itaurarua mpira kabla gari halijatembea hatua moja. Bushi za springi nazo huingia vivyo hivyo, au katika jiliwa kubwa. Na kama huna nguvu wala vyombo, si aibu kuibeba springi mpaka kwa fundi mwenye presi, akutilie bushi mbili, ukarudi nayo nyumbani. Umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Bolti mpya uipake grisi kwenye chuma chake kabla ya kuipitisha, ili siku nyingine itoke bila msumeno. Hapo grisi inaruhusiwa, kwa kuwa inagusa chuma na chuma. Ifute isifike kwenye mpira. Siku hizi ziko pia bushi za plastiki ngumu badala ya mpira. Hizo huzunguka, na zina maagizo yake katika karatasi. Someni karatasi hiyo, msifuate maneno yangu.

Rudisha springi. Katikati yake kuna bolti yenye kichwa cha mviringo. Kichwa hicho kiingie sawasawa katika shimo lake kwenye kikalio cha ekseli. Kisipoingia, ekseli itakaa kombo, na gari litakwenda kama kaa. Funga yuboti mpya na nati mpya. Kaza kwa kukingamana, hii kidogo, na ya pembe ya pili kidogo, mpaka zote nne zilingane. Zile bolti za ncha za springi na za shakeli zifunge kwa mkono tu, zishike, zisikazwe.

Watu huuliza, kwa nini nisizikaze sasa, nikiwa na spana mkononi na gari liko juu, nafasi tele?

Kirudieni kidole. Kikamateni tena, lakini kwanza zungusheni mkono mpaka ngozi ivutike kabisa, ndipo mkaze. Sasa jaribuni kuzungusha zaidi upande uleule. Inauma, sivyo? Ngozi haina tena pa kwenda. Gari likiwa juu ya stendi, springi imejikunja sana na shakeli imesimama mahali ambapo haisimami siku zote. Ukikaza hapo, unaushika mpira katika hali hiyo. Ukilishusha gari, mpira unasokotwa kabla ya safari kuanza, na unabaki umesokotwa usiku na mchana. Shimo la kwanza linausokota zaidi ya nguvu zake. Baada ya muda si mrefu umechanika, na mwenye gari anasema, “Bushi za siku hizi ni mbovu.” Bushi haikuwa mbovu.

Basi rudisha gurudumu, ondoa stendi, lishushe gari likalie magurudumu yake manne. Kabari za mbele zibaki mahali pake. Litikise mara kadhaa kwa kupanda na kushuka nyuma, springi ipate kukaa. Land Rover iko juu, utafika kwenye bolti bila taabu. Sasa ndipo ukaze kwa nguvu zako: bolti katika bamba lenye nyuzi kwanza, kisha nati yake, kisha bolti ya mwisho ule usiosogea. Ukikaza hivyo, lile bomba la ndani linabanwa na mabamba, haliwezi kuzunguka, na kazi yote inabaki kwa mpira, nao umetulia mahali pake pa katikati.

Nenda mwendo wa karibu, rudi, utazame. Baada ya kilomita kama 100 kaza tena yuboti, maana huwa zinalegea kidogo springi ikishajipanga. Yuboti iliyolegea ni jambo baya: ekseli husogea, na gari hujiendesha upande usiouelekeza. Iandike siku hiyo katika daftari, na namba ya kilomita, ili usitegemee kichwa chako.

Mwalimu, sasa andika ubaoni: BUSHI. SPRINGI. SHAKELI. KABARI. YUBOTI. DIFU. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti, kisha ayaandike mara mbili. Halafu ajibu kwa maandishi maswali mawili. La kwanza: kwa nini breki ya mkono haitoshi tunapoinua gurudumu la nyuma la Land Rover? La pili: bolti za shakeli hukazwa gari likiwa wapi? Na aliye na Land Rover ya namna hii jirani kwake aombe ruhusa, aiiname ikiwa imesimama chini, ahesabu bushi na kuandika alizoziona. Asiyefika 12 atafute tena. Kwaherini.